Nakala Tatu, Begi Moja

Muulize mtayarishaji muziki wa Sinza jijini Dar es Salaam, mpiga picha za harusi wa Mombasa au mwandishi wa tamthilia wa Lubumbashi kazi zake anazihifadhi wapi. Jibu litakuwa moja kati ya matatu: ziko kwenye diski ya nje, ziko Drive, au ameshamtumia mteja, kwa hiyo hazipotei. Kila jibu lina ukweli wake, ila kila mmoja hulitoa kana kwamba limemaliza hoja, na washauri nao hawasaidii. Muuza duka anasema nunua diski kubwa zaidi. Simu inaleta ujumbe kwamba nafasi imejaa, lipia. Fundi anayefufua diski zilizokufa, ambaye ndiye anayewaona watu wakilia, anasema usiamini chochote. Katikati ya kelele hizo swali lenyewe limesahaulika: nakala hiyo inakukinga na nini hasa?

Makala haya yanashikilia kwamba idadi ya nakala ni hesabu ya pili. Hesabu ya kwanza ni ya matukio: ni tukio gani moja linaloweza kuziangamiza zote kwa mpigo?

Hofu ya zamani

Hofu ya kupoteza kazi haikuletwa na kompyuta. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hadi mnamo 1840, hayakutufikia kwa kufungiwa ndani ya kasha. Watu wa mji huo waliyabeba vifuani, Mwalimu Sikujua akayakusanya, mmisionari William Taylor akayatia karatasini, na mwaka 1940 yakatoka kama diwani. Tenzi za Lamu na Pate nazo ziliishi kwa kunakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na miswada ya mkono wake imo hadi leo katika maktaba za Ulaya, London ikiwemo. Karatasi haina ubishi mbele ya mchwa na unyevu wa pwani. Kilichookoa tenzi ni kwamba nakala zilikaa kwa watu mbalimbali na katika miji mbalimbali, hivyo msiba wa nyumba moja haukuwa msiba wa utenzi mzima.

Upande wa pili kuna kisa cha Paris. Desemba 1922, Hadley Richardson, mke wa Ernest Hemingway, alipakia sandukuni maandiko ya mumewe ili ampelekee Uswisi. Akapakia na nakala zake za kaboni humo humo. Sanduku likaibiwa katika stesheni ya Gare de Lyon na halikuonekana tena. Kwa hesabu ya nakala, Hemingway alikuwa amejikinga vizuri tu. Hadithi zilizonusurika ni zile chache ambazo hazikuwemo sandukuni: moja ilikuwa imeshatumwa kwa mhariri, nyingine ilisahauliwa kwenye droo.

Kompyuta ilipokuja, ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kunakili kukawa kazi ya dakika, na nakala ikawa sawasawa na asili yake, bila kosa la mwandishi aliyesinzia. Lakini kufuta nako kukawa kazi ya sekunde, na kosa likapata mbio zilezile za nakala. Kijuma angeandika ubeti vibaya, ungeharibika katika mswada mmoja. Leo ukifuta folda kwenye laptopu iliyounganishwa na akaunti ya mtandaoni, folda hiyo inafutika kwenye laptopu, kwenye simu na kwenye akaunti, mara moja, kwa utii kamili.

Kazi hufa kwa njia zipi

Watu wengi wakiwaza kupoteza kazi huwaza kifaa kufa. Ni kweli vifaa hufa, na kila kimoja kina kifo chake. Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma kikiwa kimeelea juu yake kwa upenyo usioonekana kwa macho. Ikianguka mezani ikiwa inafanya kazi, hadithi imekwisha. Mara nyingi, hata hivyo, hutoa onyo: inagonga, inachelewa, inalia. Diski za SSD hazina kinachozunguka, zinavumilia mitikisiko ya daladala, lakini zinaweza kuzima ghafla bila dalili. Isitoshe, kitu kilichofutwa humo mara nyingi hakirudishiki, maana diski yenyewe husafisha nafasi ile ili iwe tayari kwa kazi mpya. Flashi na memori kadi ndizo dhaifu kuliko zote. Zinahifadhi data kwa chaji ndogo ya umeme ambayo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na hazikutengenezwa ili zikae kabatini muongo mzima. Tena sokoni zimejaa za bandia: flashi inayojitangaza kuwa na terabaiti mbili, ndani ina gigabaiti chache tu, na ukiipita nafasi yake halisi inaandika juu ya vilivyotangulia bila kulalamika. Majina ya mafaili utayaona yote. Vilivyomo havipo.

Kwetu kuna pia umeme. Kenya ilipokumbwa na giza la nchi nzima mnamo 25 Agosti 2023, habari zilikuwa za uwanja wa ndege na hospitali. Hazikugusa kompyuta za studio zilizozimika katikati ya kuhifadhi projekti. Kukatika kwenyewe huharibu faili lililokuwa wazi. Umeme unaporudi kwa kishindo huunguza pawa saplai, na wakati mwingine diski iliyochomekwa.

Ila kifaa si muuaji pekee. Mwingine, kwa jinsi visa vikubwa vinavyoonyesha, ni mkono wa binadamu. Mwaka 1998, Pixar wakiwa katika kazi ya filamu ya Toy Story 2, mtu alitoa amri ya kufuta katika seva na wahusika wakaanza kutoweka mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya watu. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta zilikuwa zimeacha kufanya kazi sawasawa na hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni kompyuta ya nyumbani ya Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua karibuni na kufanyia kazi nyumbani. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo biashara yake ni kutunza kazi za watengeneza programu, ilifuta kanzidata yake yenyewe kwa makosa. Ilikuwa na njia tano za kujihifadhi, na hakuna iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, kwa sababu nyingine kabisa.

Baada ya kosa kuna wizi, na mwizi hachagui: anachukua begi pamoja na laptopu, chaja na diski ya nje iliyokuwa kwenye mfuko wa pembeni. Kuna kirusi cha kuteka mafaili, kama WannaCry ya Mei 2017, kinachofunga kila kilicho kwenye kompyuta na kila diski iliyochomekwa wakati huo, kisha kinadai fedha. Kuna moto na mafuriko. Na kuna kifo cha polepole ambacho watu hawakiiti kifo: faili lipo, zima, ila hakuna programu ya kulifungua. Kanda za muziki za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam zinalijua tatizo hili, kwani kanda inahitaji mashine ya kuicheza, na mashine hizo zinazidi kuadimika kuliko kanda zenyewe.

Hoja ya wenye diski

Wanaotetea diski ya nje wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Unalipa mara moja. Huli bando. Mpiga picha aliyerudi na kadi ya gigabaiti 64 anaimwaga kwenye diski wakati anakunywa chai, huku kuipandisha mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kungechukua saa 28 hivi mfululizo. Kwa terabaiti moja, hata kasi ikiwa mara mbili ya hiyo, ni siku tisa na ushee. Ukiwa na kazi kubwa na intaneti ya kawaida, diski si chaguo la kizamani, ni hesabu tu. Tena diski haibadilishi masharti usiku wa manane wala haikuulizi neno la siri ulilolisahau.

Udhaifu wake ni wa mahali. Diski ya nje huishi karibu na kompyuta kwa sababu ndiko inakotumika, na hivyo hufa pamoja nayo. Inayochomekwa muda wote inapigwa na umeme uleule na kirusi kilekile. Ikibebwa kwenye begi la laptopu, imekuwa sanduku la Hadley.

Kuna kosa jingine la wenye diski, nalo limeenea mno: kuhamisha badala ya kunakili. Laptopu imejaa, mwenyewe anachukua folda ya miaka mitatu na kuiweka kwenye diski ili apate nafasi, kisha anaiita bakapu. Hiyo si bakapu. Nakala ilikuwa moja, na bado ni moja, ila sasa imehamia kwenye kifaa kinachoangukaanguka zaidi.

Hoja ya wenye mtandao

Hifadhi ya mtandaoni inajibu pale pale diski inaposhindwa. Iko mbali, mwizi wa mtaani hawezi kuifikia, na kampuni kubwa huweka data katika diski zaidi ya moja. Kwa simu kazi hufanyika yenyewe, na jambo linalofanyika lenyewe lina nafasi ya kuendelea kufanyika hata mwenyewe akichoka.

Lakini wengi hawatofautishi huduma ya kuoanisha na huduma ya kuhifadhi. Kuoanisha ni kuhakikisha vifaa vyote vinaonyesha kitu kimoja, na kitu hicho kikiharibika, vyote vinakionyesha kimeharibika. Google Drive hukaa na kilichofutwa katika pipa la taka kwa siku 30, kisha kwaheri. Anayegundua baada ya miezi miwili kwamba folda ya albamu haipo, hana pa kukimbilia.

Pili, masharti si yako. Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo na bila malipo hadi 1 Juni 2021, kisha zikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure. Tangu Desemba 2023 kampuni hiyohiyo ilianza utaratibu wa kufuta akaunti za watu binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili. MySpace ilikuwa nyumba ya wanamuziki wachanga wa dunia nzima. Mwaka 2019 ikathibitika kwamba nyimbo zilizopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi, inakadiriwa milioni 50, zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Sehemu ndogo, nyimbo 490,000 hivi, ilipatikana baadaye kwa kuwa kikundi cha watafiti kilikuwa kimezinakili kwa shughuli zake. Ni kisa cha Kijuma tena: kilichobaki ni kile kilichokuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Na umbali wenyewe una mipaka yake. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, wakaja kugundua kwamba nakala hizo nazo zilikuwa katika eneo lilelile. Kwetu mtihani wa kawaida si moto bali njia: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora kwa siku kadhaa. Kazi haikupotea, ila aliyekuwa na tarehe ya kukabidhi na faili lake liko mtandaoni tu, kwa siku hizo hakuwa na faili.

Mlango mwingine wa hasara ni akaunti. Msimbo wa kuingilia hutumwa kwa namba ya simu. Laini isipotumika kwa muda mrefu, namba hupewa mtu mwingine. Mafaili yako salama kabisa, kampuni haijafilisika, na wewe huingii.

“Nimeshamtumia”

Jibu la tatu halihitaji maneno mengi. Picha iliyokwenda kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa. Ya kuchapishwa ukubwa wa bango haitarudi kutoka humo, isipokuwa kama ilitumwa kama waraka. Video iliyoko YouTube ni toleo lililobanwa la ile uliyopakia. Mteja naye hana wajibu wa kukutunzia, na mara nyingi simu yake ndiyo ya kwanza kupotea.

Zaidi ya hayo, kilichotumwa ni kazi iliyokwisha, si kazi yenyewe. Wimbo uliokwisha hauna sauti ya mwimbaji iliyotengwa na ngoma. Akija mtu wa tangazo anataka biti bila maneno, MP3 iliyoko mtandaoni haikusaidii. Hapa watayarishaji muziki wana mtego wa peke yao. Faili la projekti la FL Studio, kwa kawaida, halibebi sauti zote ndani yake. Linakumbuka tu zilipo kwenye kompyuta. Nakili faili hilo peke yake kwenda diski kumi, lifungue kwenye kompyuta nyingine, na utapata orodha ya sauti zisizoonekana. Programu hiyo ina njia ya kufunga projekti na sauti zake katika furushi moja, lakini wangapi huitumia kila wimbo unapokwisha?

Kanuni ya 3-2-1

Kanuni inayotajwa zaidi duniani ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh miaka ya 2000: nakala tatu, katika aina mbili za vihifadhi, moja ikae mahali pengine. Nguvu yake iko katika tarakimu ya mwisho, ingawa watu hushika ile ya kwanza.

Hesabu ndogo inaonyesha sababu. Tuseme kila diski ina nafasi ya 5 kwa 100 ya kufa ndani ya mwaka. Diski mbili zisizohusiana zitakufa zote kwa nafasi ya robo ya 1 kwa 100, na ukiongeza ya tatu unashuka hadi karibu 1 kwa 8,000. Inapendeza. Sasa ziweke zote tatu katika begi lenye nafasi ya 3 kwa 100 ya kuibiwa. Hatari yako imerudi kuwa 3 kwa 100 na kitu kidogo, na hata ukinunua diski ya nne na ya tano haitashuka chini ya 3 kwa 100. Fedha zilizotumika baada ya diski ya pili karibu zote zimenunua utulivu wa moyo, basi.

Kanuni ina mapengo. Haisemi lolote juu ya wakati: nakala tatu zinazooanishwa kila dakika hubeba kosa la dakika hii zote. Lazima moja iwe imechelewa kwa makusudi, iwe ya wiki iliyopita au mwezi uliopita, na iwe imechomolewa. Haisemi pia juu ya kujaribu kurejesha, jambo lililowaumbua Pixar na GitLab. Wala haisemi nani mwingine anaweza kufungua. Diski iliyofungwa kwa neno la siri ni kinga nzuri dhidi ya mwizi, na ni kaburi kama mwenye neno hilo hayupo. Wajane na watoto wa wasanii hurithi laptopu wasizoweza kuziwasha. Google ina utaratibu wa kumteua mtu atakayepokea data akaunti ikikaa kimya, na Apple wana wao. Taratibu zote mbili ni bure, na wengi hawazijazi.

Na kuna ukosoaji wa haki kwamba kanuni hii ni ya watu wenye hela. Diski mbili pamoja na malipo ya mtandao ya kila mwezi si mchezo kwa kijana anayerekodi chumbani.

Mizani

Kwa hiyo jibu hutegemea uzito wa kazi, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapowapotosha watu. Mwandishi hana sababu ya kulalamikia gharama. Riwaya nzima haifiki megabaiti chache. Maisha yote ya uandishi yanaenea ndani ya nafasi ya bure na kubaki. Kwake akaunti mbili za kampuni tofauti, pamoja na nakala iliyochapishwa na kukaa kwa ndugu, zinatosha kabisa, na karatasi ile haitahitaji programu wala umeme. Ajihadhari tu na kuandika juu ya toleo la jana: kila rasimu iwe na jina na tarehe yake.

Mwanamuziki yuko katikati. Si lazima apandishe studio nzima mtandaoni. Apandishe furushi la kila wimbo uliokwisha na njia zake za sauti katika WAV, ambayo itasomeka hata programu ya leo ikifa, na rekodi mbichi zibaki kwenye diski mbili. Diski ya pili asikae nayo. Kubadilishana na mtayarishaji mwenzake wa mtaa mwingine, kila mmoja akimtunzia mwenzake diski iliyofungwa kwa neno la siri, ni bure, na ni salama kuliko diski tatu kwenye meza moja. Udhaifu wa mpango huo ni uvivu: lazima wakutane kila mwezi kubadilishana, na wengi wataacha mwezi wa tatu. Asiyejiamini kwa hilo ni afadhali alipie mtandao, hata kama kwa karatasi ni ghali zaidi.

Wa mwisho, mpiga picha na mtu wa video, ndiye mwenye mzigo ambao hakuna kanuni inayoubeba. Hawezi kupandisha kila kitu na hawezi kununua diski milele. Kwake uamuzi mkubwa ni wa kutupa: picha zilizochaguliwa na kusafishwa zipewe ulinzi wote, mtandao ukiwemo, zile mia nane za watu waliofumba macho zikae kwenye diski moja hadi muda wake uishe. Muda huo usibaki kichwani mwake, maana bibi harusi atapiga simu mwaka wa nne akiamini kila kitu kipo. Uandikwe kwenye mkataba siku ya kulipa malipo ya awali: picha mbichi miezi sita, albamu miaka miwili. Atakayetaka zaidi analetewa bei ya diski.